Chaja Nyembamba ya Jattani

Jumanne, 10 Juni

Siku mbaya. Mbaya kabisa! Na ilianza vizuri.

Saa mbili nimefungua kazi kwa veranda ya Kathambi wa chapati, kama kawaida. Meza, kiti ya plastiki, laptop, printa, na kibao yangu: ESEKON, FOMU ZOTE. Wateja watatu kabla chai ichemke. Mmoja alikuwa mzee amesahau neno lake la siri. Alikumbuka tu ni jina la ng'ombe. Tukajaribu ng'ombe zake zote. Ilikuwa ya kumi na moja. Nimewachekesha watu mpaka mzee akataka kunipa ndama. Hakunipa, lakini alitaka.

Halafu Jattani akafika. Jattani ni jirani yangu wa veranda. Meza yake iko hatua nne kutoka kwangu, kazi yake ni ile ile yangu ya kujazia watu fomu kwa laptop, na shati yake imepigwa pasi hata mgongoni. Salaam aleikum kwa wote. Akakaa. Akatoa kitu kwa mfuko wa shati.

MFUKO WA SHATI! Nikadhani ni kiberiti. Akachomeka kwa soketi, akavuta kawaya kembamba, laptop yake ikawaka taa. Chaja! Kachaja kadogo, keupe, hata kipande ya sabuni ya kuogea inakashinda.

Veranda yote ikasimama. Kathambi akaacha chapati ikaungua. Akakashika, akakapima kwa mkono, akasema haka anaweza kukasahau kwa aproni akafua nako. Halafu akainama, akaangalia chini ya meza yangu. Akatangaza, kwa sauti ya kuita wateja, ati chaja yangu ni kama mkia ya kondoo.

Watu wakacheka sana. Lakini hapa mimi ndiye huchekesha! Hiyo ni kazi yangu!

Ni kweli ni kubwa, sikatai. Laptop nilinunua mtumba, chaja ikaja nayo kama mama mkwe: nyeusi, nzito, haitaki kusogezwa. Waya nene inaingia, waya nene inatoka, katikati tofali. Inachemka. Wateja wanajikwaa. Lakini imenilisha miaka tatu na sikuwahi kuiona ni mbaya mpaka leo saa tatu na nusu.

Na nani alikuwa amesimama hapo? Mama Qabale! Mwenyekiti wa akina mama wa maziwa ya ngamia. Jumatatu wanaenda Kulamawe wiki nzima kuandikisha wanachama wapya, na wanataka mtu wa laptop. Mtu MMOJA. Ukifanya hiyo kazi, kila kikundi ya Isiolo itajua jina lako. Hiyo safari nimeingoja tangu mwaka jana. Nimemsalimia Mama Qabale vizuri mwaka mzima kwa sababu hiyo safari.

Alikachukua kachaja ka Jattani, akakaweka kwa kiganja. Akatabasamu! Akasema ni kazuri, hakana uzito.

Halafu akapita kwangu. Akainua buibui kidogo, akaruka mkia ya kondoo, akaenda zake.

Nimeacha chapati nusu. Mimi!

Jumatano, 11 Juni

Nimepata akili. Chaja yangu si kubwa, imevaa nguo nyingi tu! Plastiki ndiyo kubwa. Ndani lazima kuna kitu ndogo inatoa jasho. Ndiyo maana inachemka.

Nikaazima kisu ya Kathambi ya vitunguu. Nikatoa ganda. Ndani kulikuwa na bati, gundi, shaba, na vidude kama mbegu za mahindi. Nikatoa bati. Nikatoa kipande ingine ya chuma, nene, imekaa tu haifanyi kazi yoyote. Nikafunga zilizobaki na tepu nyeusi. Nyembamba kama ndizi! Nikamwita Jattani aone. Akaniambia pole pole, kama mtu anaongea na punda kwa daraja, ati nisichomeke.

Wivu. Nilimwona kwa macho.

Nikachomeka.

PAH!

Stima ikaenda. Veranda, friji ya soda, redio, na kinyozi wa pale pembeni. Mteja wa kinyozi akatoka nje, upande moja umenyolewa, upande ingine bado, akauliza ni nani. Gari yake ya Oldonyiro ilikuwa inapiga honi. Akapanda hivyo hivyo. Kesho ni soko ya mifugo huko, ataonekana na watu wengi.

Kathambi alikuja na mwiko. Akaniuliza kama nimetumwa na adui zake, na kama ni hivyo walinipa nini, atanipa mara mbili nihamie kwao.

Nangiro fundi akaja. Akarudisha stima ya veranda. Kwa chaja yangu akabadilisha fyuzi, akarudisha bati, akarudisha na ile chuma ya uvivu. Kumbe ndiyo ilikuwa inatoa joto. Alisema amewahi kuona watu wajinga, lakini huwa wanaanza na redio. Ganda lilikuwa limepasuka, kwa hivyo akalifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, raundi nane.

Inafanya kazi. Lakini nimepima. Asubuhi ilikuwa vidole vinne, sasa ni sita.

Kathambi amesema kondoo yangu imepata malisho.

Na Jattani? Jattani amenipa laptop yake nimalizie wateja. Bila kuombwa! Nimesema asante na meno ya mbele tu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimezunguka maduka ya simu. Chaja nyembamba ziko. Nimeuliza bei, muuzaji akasema, nikamwambia hiyo ni bei ya mbuzi mzima. Akasema basi lete mbuzi.

Hapo ndipo kichwa changu ikafunguka.

Mimi niko na mbuzi! Mjomba Lokaale, huko Ngaremara, amenishikia mbuzi wangu tangu baba afariki. Lakini kwa nini nimpelekee mtu wa duka? Nikinunua dukani, Jattani atabaki na yake. Tutakuwa wawili na chaja nyembamba. Wawili! Hapana. Nataka ile ile. Ile Mama Qabale alishika.

Na sisi Waturkana tuko na njia. Ukimpa mtu mbuzi, bila kuuza, bila sababu, huyo si rafiki wa salamu tena. Ni rafiki wa mbuzi. Na rafiki wa mbuzi akikuja akuombe kitu, hunyimi. Unatoa na unacheka. Ukinyima, urafiki umekufa, na jina lako linatembezwa boma kwa boma mpaka hata watoto wanakuita Mnyimaji. Marehemu baba alipata ngamia hivyo. Ngamia!

Mimi naomba chaja tu. Niko na adabu.

Nimekula chapati tatu.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi Ngaremara. Mjomba Lokaale aliuliza mbuzi ni wa nani. Nikasema ni wa rafiki. Akanishika bega. Akasema siku zote alidhani mimi nitazeeka nikiwa mtu wa kucheka na watu tu, bila rafiki wa kweli hata mmoja. Akanichagulia mwenyewe: jike, mweupe, sikio moja la kahawia, karibu kuzaa. Mimi nilitaka kale kakonda ka nyuma. Lakini ungemwambia nini?

Alianza kunieleza mambo ya huo urafiki, ya upande huu na ya upande ule, lakini bodaboda alikuwa anapiga honi. Nikamwambia najua yote. Tukaondoka, mimi nyuma, mbuzi kwa mapaja. Mbuzi alikojoa mara mbili. Karibu kuzaa, anasamehewa.

Nikamngoja Jattani atoke msikiti. Nikampa kamba mbele ya veranda yote. Nikaeleza hii mbuzi ni nini kwetu. Nilifikiri atabishana. Akaweka mkono kifuani. Akasema hata kwao Waborana, mtu akikupa mnyama hivyo si mtu wa kupita tu, na kuanzia leo mimi ni jaala yake, rafiki yake kabisa. Kathambi akajifuta macho na aproni, akasema ni unga. Hakukuwa na unga.

Sasa, adabu inataka mtu angoje. Mwaka moja ni kawaida. Wengine wanangoja miwili.

Nilingoja amalize chai.

Nikasema, jaala, hiyo chaja yako, naiomba.

Nilikuwa nimejitayarisha kuona sura yake ikianguka. Nilikuwa nimekaa mahali pazuri ya kuona. Haikuanguka! Akachomoa chaja, laptop yake ikiwa na chaji kidogo tu, akakunja waya vizuri, akanipa kwa mikono miwili. Akacheka. Akasema kumbe nilikuwa naipenda na sikusema?

Nilitaka aumie kidogo. Hata kidogo! Mtu ananipa chaja na bado ananishinda.

Jumamosi, 14 Juni

Haiingii.

Mdomo ya chaja ni bapa. Tundu ya laptop yangu ni ya duara. Nimesukuma. Nimelamba. Nimezungusha laptop juu chini. Jattani akaniuliza kama niko sawa. Nikasema nasafisha.

Kwa Nangiro tena. Akatafuta kwa kopo yake, akanipa kakichwa ka kubadilisha: huku bapa, huku duara. Ikaingia! Taa ikawaka! Nikabusu Nangiro kwa paji la uso na hakupenda.

Saa tano laptop ikazima.

Nangiro akaja, akaangalia, akaeleza. Laptop yangu ni ya zamani, inakunywa kama ng'ombe wa safari. Hii chaja nyembamba inaipa na kikombe. Inakunywa, lakini inakufa na kiu ikiwa inakunywa. Jattani laptop yake ni mpya, inashiba haraka. Akaniambia nirudie tofali yangu na nimshukuru Mungu.

Nirudie? Mbele ya watu? Na Mama Qabale anaweza kupita saa yoyote?

Nimepanga hivi. Chaja nyembamba iko juu ya meza, imechomekwa, waya yake inaenda nyuma ya laptop na haijashika kitu yoyote. Mkia ya kondoo iko chini, ndani ya kiondo ya Kathambi, imefunikwa na leso, na hiyo ndiyo inafanya kazi. Juu urembo, chini jasho. Wateja watano wamesifu. Mmoja amekapiga picha!

Saa nane Kathambi, bila kuangalia, akaweka mafuta yake ya chapati ndani ya kiondo. Yale magumu, ya karatasi. Saa tisa alirudi kuchukua. Hayakuwa magumu tena. Akainua leso. Akaangalia mkia. Akaangalia kale keupe juu ya meza. Akafuata waya yake na kidole mpaka mwisho, mahali haifiki popote.

Sijawahi kumwona Kathambi akicheka mpaka akae chini. Nimemwomba asiseme. Amesema hatasema, na akaenda moja kwa moja kwa kinyozi.

Chaja yangu sasa inanuka chapati. Mbwa amenifuata mpaka nyumbani.

Na Jattani je, bila chaja? Anachaji laptop na chaja ya SIMU! Mdomo ni moja, inaingia, inashiba. Hakukosa hata saa moja! Nimempa mbuzi karibu kuzaa na hakuna kitu amekosa!

Jumapili, 15 Juni

Wacha niandike yote kwa mpangilio.

Baada ya kanisa nilikuja veranda, kwa sababu wateja wa Jumapili ni wachache lakini Jattani hufungua, na siwezi kumwacha peke yake na wao. Saa tisa Mama Qabale akaingia. Nikakaweka kachaja mbele, karibu na ukingo, mahali jua linapiga. Hakukaangalia. Akavuta kiti ya Kathambi, akakaa mbele yangu. YANGU!

Akasema kesho saa moja gari itakuwa hapa, niwe tayari, mimi ndiye wa Kulamawe.

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama ni kwa sababu ya chaja. Akauliza chaja gani. Nikamwonyesha. Akasema aah, hako! Siku ile alidhani ni sabuni ya hoteli, alitaka kuuliza Jattani kama ako na ingine. Na ule mkia aliuruka kwa sababu alikuwa anaharakisha kwa daktari wa meno.

Akasema kikundi ilikata shauri mwezi jana. Wale nyanya wazee wa Kulamawe hawapendi kuulizwa tarehe ya kuzaliwa na kijana amekunja uso. Wakiulizwa haraka wanakataa kuweka alama ya kidole. Wanataka mtu wa kuketi na wao, kucheka, kuuliza pole pole ulizaliwa mvua ipi. Na Jumanne aliponisikia na yule mzee wa ng'ombe kumi na moja, akajua hawakukosea. Akasema huyo ndiye mtu.

Mwezi jana! Kabla ya kachaja! Kabla ya kisu! Kabla ya mbuzi!

Nikasimama. Nikacheza kidogo. Kathambi akapiga sufuria. Nikamwangalia Jattani nione sura yake sasa. Wacha nione hiyo sura!

Jattani alikuwa amesimama. Akaja, hatua nne. Akanishika mkono na mikono yake miwili. Aliona haya, hata masikio yalibadilika. Akasema, jaala, naomba Kulamawe.

Kathambi akaacha kupiga sufuria.

Akaeleza. Nyanya yake, yule alimlea, yuko huko. Miaka miwili hajamwona. Amezeeka, macho yameenda, kila mtu akitoka huko anakuja na salamu ati Jattani atakuja lini. Akasema hakutaka kuomba mapema hivi. Yeye alidhani kwa urafiki wa mbuzi mtu hungoja mwaka mzima. Lakini alijifunza kwangu, mimi mwenye desturi, kwamba hungojwa chai iishe tu.

Nikaangalia kikombe yake. Ilikuwa tupu.

Ungefanya nini? Mama Qabale ameketi hapo, anangoja. Kathambi ameshika sufuria hewani. Nikinyima, mjomba Lokaale atasikia kabla jua lizame, na yule alinishika bega. Kabla ya hiyo Ijumaa, mjomba hakuwa amenishika bega tangu msiba wa baba.

Nikasema chukua. Na desturi inataka ucheke, kwa hivyo nilicheka. Nilicheka kwa muda mrefu. Kathambi anasema nilitoa sauti ya fisi.

Mama Qabale akamwambia Jattani sawa, nyanya ni nyanya. Lakini akamwamuru akae na mimi mpaka jioni nimfundishe kuuliza nyanya za watu ulizaliwa mvua ipi bila kukunja uso. Nimefundisha. Ni mwanafunzi mbaya sana. Mzaha wake moja tu, na anaucheka kabla aufikie.

Akitoka alinikumbatia. Shati yake inanuka pasi.

Jumatatu, 16 Juni

Gari imeondoka saa moja na robo. Jattani mbele karibu na dereva, laptop kwa mapaja, chaja ya simu kwa mfuko wa shati. Akina mama nyuma na mitungi. Alinipungia mkono mpaka kona. Mimi pia nilipunga. Kathambi akaniletea chai na chapati mbili, akasema ni za bure kwa sababu jana nilikuwa mwanaume. Nikamwuliza na siku zingine? Akarudi jikoni.

Nilikaa. Nikafikiri vizuri. Kweli nimefikiri. Kazi imeenda. Mbuzi imeenda, na mtoto wake ndani. Nimebaki na kachaja ka urembo na mkia inanuka mafuta. Nikajiambia, Esekon, hebu jifunze kitu hapa. Nilikuwa karibu sana kujifunza.

Halafu nikaona kiti.

Jattani ameniachia kiti yake nimwekee mpaka arudi. Sikuwa nimeiangalia vizuri hapo awali. Ni ya kukunja, ya kitambaa. Iko na mahali ya kuweka mikono. Mkono wa kulia uko na tundu ya kikombe. Tundu ya KIKOMBE! Miaka hii yote mimi naweka chai chini, nzi wanaogelea, na yeye chai yake inakaa karibu na kiwiko kama ya mkurugenzi!

Nimekalia mpaka saa sita. Wateja wanasimama wima mbele yangu wakinihutubia. Mmoja ameniita bosi. Sasa nani atarudi kwa kiti ya plastiki yenye mguu umeunganishwa na waya?

Jattani anarudi Jumapili. Nitampikia chai mwenyewe. Akimaliza, naomba kiti.

Kathambi amesikia, akaniuliza kama nimesahau kwamba Jattani pia ataomba. Nimemwambia hapo ndipo nimewashinda wote. Aombe nini? Safari alishachukua! Niko mikono mitupu, sina kitu ya kuombwa duniani!

Ameniuliza hiyo laptop mbele yangu ni ya nani basi.

Nimemwambia aniongezee chai na asiniharibie siku.